Mbu wa mchana, na Desemba ile ya Zika

Nimekuwa kimya tangu UE zianze na wengine mmeanza kuniuliza kama nimetupa kalamu. Sijaitupa. Leo nimekuja na historia kama kawaida yangu, ila tuyaache kwanza Maji Maji na Azimio la Arusha. Leo tuongelee mbu. Yule wa usiku anayekuimbia sikioni ukishazima taa mnamjua, huyo ana watu wake. Namzungumzia mwenzake, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayekung'ata kifundoni saa nne asubuhi umesimama Mtaa wa Kongo unabishania bei ya raba. Wataalamu wanamwita Aedes aegypti. Huyo ndiye anayebeba dengue, chikungunya na Zika.

Kila nikiitaja Zika mbele ya watu hapa Mlimani, swali huwa lile lile: "Hivi ile Zika ya 2016 ilikuwepo au haikuwepo?" Wengine wanauliza kwa kunong'ona kabisa. Mimi naona swali lenyewe limekaa upande. Ukisoma historia ya virusi hivi utaona kuwepo kwake hapa kwetu ni jambo la zamani mno, la tangu babu zetu. Kilichokosekana Desemba ile ni mtu wa kumwambia mama mjamzito pale Kariakoo afanye nini na mwili wake, kesho asubuhi, akiamka kwenda kufungua duka. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, sasa nifuateni taratibu.

Kwanza matukio yenyewe, maana vijana wa mwaka wa kwanza wengi walikuwa wadogo. Mwaka 2015 Brazil ilianza kuona watoto wengi wanazaliwa na vichwa vidogo kuliko kawaida, na ubongo haujakua inavyotakiwa. Ikaja kuonekana mama zao walipata Zika wakiwa na mimba. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza dharura ya kimataifa. Dharura hiyo ikaondolewa tarehe 18 Novemba 2016. Hata mwezi haujapita, tarehe 15 Desemba, hapa hapa Dar es Salaam, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Dk. Mwele Malecela, akatoa matokeo ya utafiti wao. Watu 533 walipimwa, 83 wakakutwa na maambukizi ya Zika, sawa na asilimia 15.6. Na kati ya watoto 80 waliozaliwa na ulemavu, asilimia 43.8 walikutwa nayo.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akajitokeza kukanusha: ugonjwa wa Zika haujathibitika kuwepo nchini, wananchi wasiwe na hofu. Kabla wiki haijaisha Ikulu ikatangaza kwamba Rais Magufuli ametengua uteuzi wa Dk. Mwele, na nafasi yake anachukua Profesa Yunus Mgaya. Sababu haikuelezwa. Basi. Mjadala wa nchi nzima ukahama hapo hapo kutoka kwa mbu kwenda kwa mkurugenzi. Kafukuzwa kwa nini? Ni siasa? Ni kwa sababu baba yake ni mzee Malecela, Waziri Mkuu wa zamani? Ni kwa sababu 2015 na yeye aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais? Kila kijiwe na uchambuzi wake, na mbu akaendelea na kazi.

Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha kwanza, tunakaa Kariakoo kwenye moja ya nyumba zile za zamani za vyumba sita na korido katikati, kabla ghorofa hazijazimeza. Uani kulikuwa na mapipa mawili ya maji, ndoo za kila mpangaji zenye majina yaliyoandikwa kwa rangi ya kucha, na tairi moja bovu ambalo hakuna aliyejua la nani. Shangazi yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, anauza vitenge. Jioni ile ya Ijumaa wakina mama wameketi uani wanachambua mchele, redio inaongea. Mmoja anasema Zika ni ya Wabrazili. Mwingine anasema si wamesema jana ipo? Wa tatu anasema jana walisema ipo, leo wamesema haipo, kesho watasema tuliota. Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Akauliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Kimya. Akarudia kwa mama yangu, "Wifi, nifanye nini?" Mama akamwambia afunge chandarua vizuri usiku. Ndiyo ushauri pekee tuliokuwa nao nyumba nzima, na ulikuwa ushauri wa mbu mwingine.

(Msihofu, mtoto alizaliwa salama Aprili. Ni mtundu balaa.)

Sasa turudi nyuma, maana ndiyo kazi yetu wanahistoria. Zika siyo jina la Kibrazili. Ziika ni msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda. Mwaka 1936 wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulianzisha pale Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Watafiti walikuwa wakiwafungia kima kwenye vizimba juu ya miti ili waone mbu wa msituni wanawaambukiza nini. Aprili 1947 kima mmoja wa Asia, namba yake 766, akashikwa na homa. Waliitafuta homa ya manjano kwenye damu yake, wakakuta kirusi ambacho hakijawahi kuandikwa popote. Januari 1948 wakakikuta tena, safari hii ndani ya mbu wa msitu ule ule. Taarifa zao zikachapishwa 1952.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka huo huo wa 1952 zikachapishwa taarifa za vipimo vya damu za watu wa Afrika Mashariki, na kingamwili za Zika zikaonekana kwenye damu za watu wa Uganda na wa Tanganyika. Tanganyika, wadau! Yaani WHO ikiandika orodha ya matukio ya Zika duniani, binadamu wa kwanza kabisa kuonekana na dalili za kuwahi kuambukizwa ni wa Uganda na wa kwetu. Ilikuwa miaka 9 kabla ya uhuru na miaka 64 kabla ya ile Alhamisi ya Desemba. Sasa mtu akikuambia mwaka 2016 kwamba Zika imeonekana kwenye damu ya Watanzania, anakupa habari mpya au anakukumbusha ya zamani?

Haikuishia hapo. Mwaka huo huo wa 1952, mpaka 1953, kusini kule Newala kwenye uwanda wa Makonde kukazuka homa iliyowapinda watu viungo. Mzee anaamka hawezi kunyoosha mgongo wala kukunja vidole. Wamakonde wakaiita kwa lugha yao kwa neno lenye maana ya kujikunja, na neno hilo ndilo leo dunia nzima inalitamka: chikungunya. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa kazini Tanganyika, aliuelezea ugonjwa huo kwenye jarida mwaka 1955. Sampuli zilipelekwa Entebbe, maabara ile ile ya Zika, maana wakati huo ilikuwa ya Afrika Mashariki yote. Kirusi kikatambuliwa kule. Leo mtu anaumwa chikungunya India, Italia au Paraguay, anatamka Kimakonde bila kujua.

Na dengue je? Hapa Waswahili wa pwani ndio wenye kisa. Mwaka 1870 Zanzibar ilipigwa na homa kali ya maumivu ya viungo, ya ghafla, kama mtu kashikwa na pepo. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee walikumbuka homa kama hiyo kupita mwaka 1823. Wapo wanaosema jina hilo lilivuka bahari na watumwa likafika visiwa vya Karibi, likapita kwenye Kihispania na kutoka huko limekuwa dengue. Wanaisimu bado wanabishana, na yupo mtaalamu aliyeandika 1971 kwamba homa ile ya Zanzibar inafanana zaidi na chikungunya kuliko na dengue yenyewe. Vyovyote iwavyo, dengue ya 2014 ilipoingia Dar, magazeti yaliiita homa ya kidingapopo, na bibi zetu hawakushangaa.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Magonjwa matatu ya mbu wa mchana: moja jina lake limetoka Uganda, moja Newala, moja huenda Unguja. Sisi ndio tuliompa mtoto jina halafu leo tunamkana mlangoni.

Kwa nini basi, pamoja na historia yote hiyo, nyumba nzima Kariakoo haikuwa na ushauri zaidi ya chandarua? Jibu langu: kwa sababu miaka zaidi ya mia moja mji huu umefundishwa mbu mmoja tu, wa malaria. Robert Koch, yule Mjerumani mkubwa wa vijidudu, alikuwa hapa Dar mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Miaka michache baadaye Wajerumani wakaanza kampeni ya kupima watu damu na kuwagawia kwinini. Wakaja Waingereza. Eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelitenga kwa makazi ya Waafrika, Waingereza wakaweka kambi ya wapagazi wao wa vita, wale wa Carrier Corps, na waswahili wakalitohoa jina: Kariakoo. Kisha katika miaka ya 1920 ikatengwa Mnazi Mmoja, ule uwanja wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Sababu mojawapo iliyotolewa kwenye mipango ya aina ile ni afya: mbu wa uswahilini asiruke hadi Uzunguni na Uhindini. Wadau, tunapocheza mpira au kupiga picha za mahafali pale Mnazi Mmoja, tunakanyaga mpaka uliochorwa kwa kisingizio cha mbu. Mwafrika alihesabiwa kama dimbwi la maambukizi la kukaa nalo mbali. Kumweleza jambo lolote haikuwa kwenye mpango. Bwana afya alipokuja uani kukagua mapipa alikuja na daftari la faini.

Baada ya uhuru mambo yakawa mazuri zaidi, tuseme ukweli. Kuanzia 2004 kukawa na mpango wa kudhibiti malaria mjini Dar, wakaajiriwa wakazi wenyewe wa mitaani wapite mtaa kwa mtaa wakisaka madimbwi. Mwaka 2006 wakaanza kumwaga dawa ya viluwiluwi Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Mwaka huo huo wa 2004 ilianza Hati Punguzo: mama mjamzito akienda kliniki alikuwa anapewa hati, akaenda nayo dukani, akapunguziwa bei ya chandarua. Wengi wetu tunaosoma hapa tulilala ndani ya chandarua cha Hati Punguzo tungali tumboni. Na kliniki mama anapewa vidonge vya kuzuia malaria, anakunywa mbele ya nesi. Hii ni kazi nzuri na imeokoa watoto.

Ila angalia kinachobaki. Mbu wa malaria anauma usiku na anapenda madimbwi ya nje yenye jua. Huyu wa mchana anauma kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na nyumba yake ni chombo: ndoo, pipa, kifuu, kopo la rangi, chupa ya soda iliyokatwa, kisahani cha chini ya ua, tairi. Anapenda maji safi yaliyotulia. Mayai yake anayabandika ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi, mvua ya vuli ikija yanaanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji tu haitoshi, lazima usugue kuta za pipa.

Sasa niambieni, kuna mahali panapomfaa kama Kariakoo? Chukua Gerezani na magereji na matairi yake. Chukua ghorofa zinazojengwa, mashimo ya msingi yamejaa maji wiki tatu. Chukua paa zenye simtanki lililokosa mfuniko. Na zaidi ya yote, chukua mgawo wa maji. Mto Ruvu ukipungua, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2022, mji mzima unaweka akiba kwenye kila kitu chenye tako. Hatuweki maji uani kwa uchafu, tunaweka kwa sababu kesho huenda yasitoke. Lamu walilipata somo hili 2004. Mwaka ule ulikuwa mkavu, watu wakahifadhi maji majumbani, na chikungunya ikaruka nyumba kwa nyumba hadi inakadiriwa robo tatu ya watu wa kisiwa waliambukizwa. Ikatoka hapo ikaingia Mombasa, Komoro, Réunion, halafu India. Ukame umeleta ugonjwa wa mbu, nani angedhani?

Na hapo Réunion ndipo mambo ya ujauzito yanapoingia tena. Mwaka 2005 na 2006 karibu theluthi ya watu wa kisiwa hicho waliugua chikungunya, na madaktari wakagundua jambo ambalo Newala halikuandikwa: mama akiwa na homa hiyo siku za kujifungua, karibu nusu ya watoto wanaipata, na wengine inawapanda hadi kwenye ubongo. Dengue nayo mjamzito haimfai, inaongeza hatari ya kutokwa damu na kuzaa kabla ya wakati. Zika yenyewe, WHO inasema kati ya watoto 100 waliozaliwa na mama walioambukizwa wakiwa na mimba, 5 hadi 15 wanapata matatizo. Na watu wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote. Mama anaweza kupitiwa nayo asijue.

Sasa swali ambalo mtu makini lazima aulize: kama Zika iko Afrika Mashariki tangu zamani, mbona hatujawahi kuona vichwa vidogo vingi kama Brazil? Wanasayansi wana majibu kadhaa. Moja, mahali kirusi kilipozoeleka, msichana anaweza kuambukizwa utotoni akajijengea kinga kabla hajafikia umri wa kuzaa. Mbili, mbu wetu wa asili wa Kiafrika wa jamii hiyo wameonekana maabara kuwa hawakishiki kirusi hiki kwa wepesi kama ndugu zao waliosambaa duniani. Tatu, na hili lilinikosesha usingizi: majaribio yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba aina ya Kiafrika ya Zika kwa wanyama wa maabara huwa kali zaidi, inaua kijusi badala ya kukilemaza. Kama ndivyo ilivyo na kwa binadamu, basi athari zake hapa zisingeonekana wodi ya watoto. Zingekuwa mimba zilizotoka. Na mimba iliyotoka Kariakoo inaandikwa wapi? Mama anarudi nyumbani, majirani wanasema ni mapenzi ya Mungu, wengine wanasema jicho, maisha yanaendelea. Hakuna anayechukua damu.

Ndiyo maana naona kauli zile mbili za Desemba 2016 hazikupaswa kugombana. Kukuta maambukizi kwenye damu za watu ni jambo moja, mlipuko wa ugonjwa ni jambo jingine. Vipimo vya Zika navyo vina mtego wake: dengue, homa ya manjano na Zika ni ndugu, na kingamwili ya mmoja inaweza kukidanganya kipimo cha mwingine, kwa hiyo kurudia na kuthibitisha ni haki kabisa. Mtafiti angeweza kusema tumeona alama hizi, waziri akasema hatujaona mlipuko na tunahakiki, halafu wote wawili wakageuka upande mmoja wakamwambia mjamzito: wakati tunahakiki, fanya moja, mbili, tatu. Hilo lingechukua dakika 5 za redio. Badala yake tulipata hofu Alhamisi, tukapata kanusho Ijumaa, tukapata tangazo la kutengua uteuzi. Siku tatu, na ndani yake hamna neno pipa.

Na msiseme hofu ya watu ilikuwa ya kijinga. Mji huu una kumbukumbu ya mumiani. Bibi zetu waliamini kuna watu wanazunguka usiku kunyonya damu za Waafrika wakatengenezee dawa. Tunaicheka hadithi hiyo, lakini ndani yake kuna malalamiko ya kweli: damu yetu inachukuliwa, majibu hayarudi. Ukichukua damu za watu 533, majibu yakatoka siku moja na kufutwa siku ya pili, unamlisha mumiani upya.

Yaliyofuata mnayajua. Dk. Mwele alikwenda WHO, kwanza Afrika kisha Geneva, ambako aliongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Tusisahau kwamba miaka mingi hapa nyumbani alishughulika na matende na mabusha, ugonjwa mwingine wa mbu. Alifariki tarehe 10 Februari 2022. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibanwa ikawa kosa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, 2019 ikalegezwa. Mwaka huo huo wa 2019 dengue ikarudi Dar kwa nguvu, wagonjwa zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao wa jiji hili. Mwaka 2020 takwimu za korona zikaacha kutangazwa mpaka 2021. Machi 2023 Marburg ikatokea Kagera na serikali ikaitangaza yenyewe, watu wakajilinda, ikaisha. Januari 2025 ikatokea tena: kwanza ikakanushwa, halafu tarehe 20 Rais Samia mwenyewe akatangaza kuwa ipo, Mkurugenzi Mkuu wa WHO kasimama pembeni. Mbingu haikuanguka. Machi ikatangazwa kwisha. Kumbe inawezekana kusema na nchi ikabaki imesimama.

Nisiwachoshe, ila siwezi kumaliza bila yale moja, mbili, tatu, maana nitakuwa nimefanya kosa lile lile ninalolalamikia. Kama wewe au dada au shemeji yako ana mimba na anashinda Kariakoo, Ilala, Magomeni au hata hapa Mabibo: vaa nguo inayofunika miguu mchana, hasa asubuhi na jioni. Paka dawa ya kufukuza mbu, zile za DEET zinaruhusiwa kwa mjamzito ukifuata maelezo ya chupa. Funika kila chombo cha maji, na mara moja kwa wiki mwaga, sugua kuta, jaza upya. Tairi bovu litobolewe au litolewe. Ukilala mchana, lala ndani ya chandarua. Homa ikikupata kapime, na kipimo cha malaria kikionyesha huna usirudi tu nyumbani, uliza na dengue. Kabla hujajua ni nini usinywe aspirini wala ibuprofen wala diclofenac, hizo kwa dengue zinaweza kuleta damu. Tumia paracetamol na maji mengi. Na kwa kuwa Zika hupita pia kwenye tendo la ndoa, mume aliyetoka nchi yenye mlipuko atumie kondomu mpaka mama ajifungue. Chanjo ya Zika bado haijapatikana, wala dawa yake maalumu.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji waziri na mkurugenzi wakubaliane kwanza. Kibaha tuna kiwanda cha dawa ya viluwiluwi kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba tangu 2015. Mabalozi wa nyumba kumi tunao. Manesi wa kliniki wanaoonana na kila mjamzito wa mji huu tunao. Kilichobaki ni mtu kuongeza sentensi mbili kwenye somo la asubuhi kliniki, baada ya chandarua na vidonge: kuna mbu wa mchana pia, na nyumba yake ni ndoo yako.

Haya, kesho nina semina saa moja na sijasoma hata ukurasa. Mwenye bibi aliyekuwepo Newala miaka ya hamsini aniambie, nataka kwenda kumsikiliza. Nawasilisha.